Sumukuvu: Mahindi Yasiyofika Mbele ya Mkaguzi

(Haya ni mazungumzo yaliyokusudiwa wakulima, watumishi wa afya na viongozi wa vijiji wa Kanda ya Kati.)



Katikati ya mwaka 2016, katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kushikwa na ugonjwa ambao mwanzoni haukuwa na jina. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakauma na kujaa, wagonjwa wakatapika, na baadhi yao wakafariki dunia katika muda mfupi. Wengi wa walioshikwa walikuwa watoto. Katika hali ya namna hiyo maneno huwa mengi: huyu hutaja maji ya kisima, yule hutaja mkono wa mtu, na mwingine husema ni homa mpya iliyoletwa na wasafiri. Watafiti walipokwisha kuhesabu, wagonjwa walikuwa 68 na waliokufa walikuwa 20. Sababu haikuwa kisima wala mkono wa mtu. Ilikuwa ni mahindi yaliyokutwa ndani ya nyumba za wagonjwa wenyewe.

Jina la kitaalamu la sumu iliyowaua watu hao ni aflatoksini. Kwa Kiswahili imekwisha pewa jina la sumukuvu, nalo ni jina zuri kwa kuwa linasema lenyewe asili ya kitu hicho, ingawa hujumlisha pia sumu nyingine za ukoo huo. Kuvu inayoitoa huishi udongoni karibu kila mahali penye joto, nayo haina haraka. Hungojea mmea ulioteswa na ukame, punje iliyotobolewa na mdudu, hindi lililolazwa chini kwenye ardhi yenye unyevu, au gunia lililofungwa kabla mahindi hayajakauka. Hapo huota, na katika kuota huko huacha sumu.

Mambo mawili juu ya sumu hii yafaa yaeleweke barabara, maana ndiyo yanayowaponza watu wenye akili timamu. La kwanza, haionekani, haina harufu wala ladha. Ukungu waweza kuonekana na sumu isiwepo, na sumu yaweza kuwapo hali ukungu umekwisha pukutika au kufutwa. La pili, moto wa jikoni hauiwezi. Sumu hii huanza kuvunjika katika joto lizidilo nyuzi 230 za Sentigredi, na sufuria ya ugali huchemka katika nyuzi 100 tu. Mama aliyezoea kuambiwa kwamba kuchemsha huua vijidudu, jambo ambalo ni kweli kwa maji na maziwa, hana sababu ya kudhani kwamba ugali ulioiva vizuri waweza kumdhuru mwanawe. Hapo elimu ya afya iliyo sahihi kwa ugonjwa mmoja humwacha mtu uchi mbele ya mwingine.

Ndugu wananchi, sumu hii haikugunduliwa kwa sababu ya vifo vya watu. Iligunduliwa kwa sababu ya vifo vya kuku wa matajiri, au kwa usahihi zaidi, vya bata mzinga. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao wataalamu, kwa kukosa jina, waliuita ugonjwa X. Wafugaji walipata hasara kubwa, viwanda vya chakula cha mifugo vikatishika, na maabara zikafanya kazi usiku na mchana. Uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na ndani ya mashudu hayo ikapatikana kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kutokana na jina hilo ndipo lilipozaliwa neno aflatoksini. Ni haki kuuliza kama sumu hii ingalijulikana mapema namna hiyo endapo ingaliua watoto wa wakulima peke yao, mbali na barabara na mbali na maabara. Aghalabu ndivyo ilivyokuwa ikifanya.

Miaka kumi na minne baadaye, mwishoni mwa mwaka 1974, vijiji zaidi ya 150 vya magharibi ya India viliingiliwa na ugonjwa wa manjano. Mvua isiyo ya msimu ilikuwa imelowesha mahindi, na watu maskini, kwa kuwa hawakuwa na kingine, walikula mahindi hayo. Wagonjwa 397 walihesabiwa, na 106 kati yao wakafa. Mbwa wa vijiji hivyo, ambao walikula makombo ya chakula kile kile, nao walikufa. Hilo lilikuwa fununu kubwa kwa wachunguzi, kwa kuwa ugonjwa wa ini wa kuambukizana baina ya watu haumshiki mbwa.

Afrika Mashariki haikuchelewa kuonja. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, wagonjwa 20 walilazwa hospitali, na 12 kati yao wakafa. Madaktari walichapisha habari hizo mwaka uliofuata, na ulimwengu wa wataalamu ukasoma. Kisha mwaka 2004, katika eneo lile lile la mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, likatokea balaa lililoua watu wengi kupita hayo yaliyotangulia: wagonjwa 317 na vifo 125. Kati ya tukio la kwanza na la pili ilipita miaka 23. Sababu ilikuwa imejulikana muda wote huo. Makala ilikuwa imeandikwa, tena katika gazeti mashuhuri la madaktari. Kilichokosekana si ujuzi wa mtaalamu, bali njia ya kuufikisha ujuzi huo mpaka kwenye ghala la mkulima wa Makueni.

Namna watafiti walivyolichunguza tukio la 2004 yastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu yaonyesha jinsi uchunguzi wa afya ya jamii unavyofanya kazi, na kwa sababu majibu yake yanawahusu moja kwa moja watu wa Kongwa, Kondoa, Chemba na Kiteto. Hawakutosheka na kupima mahindi ya wagonjwa. Mtu akipima mahindi ya wagonjwa peke yake na kukuta sumu, bado hajathibitisha neno, kwani pengine wenye afya nao wanakula mahindi hayo hayo. Kwa hiyo walichukua wagonjwa 40, na kwa kila mgonjwa wakachagua watu wawili wazima, jumla yao 80. Wakapima mahindi ya pande zote mbili, wakapima damu, wakauliza maswali yale yale: mahindi yalivunwa lini, yaliwekwa wapi, yalikuwa katika hali gani.

Jibu lilikuwa wazi. Walioumwa walikuwa na sumu nyingi zaidi katika mahindi yao na katika damu yao. Tena, waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba waliumwa zaidi. Na kwa nini mtu aweke mahindi mabichi ndani ya nyumba anamolala? Kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya wezi. Mwaka wa ukame mahindi machache yaliyopatikana huwa ni dhahabu. Mwenye nayo huyavuna mapema kabla hayajakauka ili yasiibwe shambani, na huyaingiza ndani ili yasiibwe ghalani. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa ya busara kwa mtu anayelinda chakula cha watoto wake, na kila hatua iliilisha kuvu. Wale wasemao kwamba wakulima walikufa kwa uzembe wao hawajapata kukaa na debe tatu za mahindi kusubiri miezi minane.

Mahindi ya baadhi ya nyumba yalikutwa na sumu ya kiasi cha sehemu 4,400 katika bilioni moja, hali kiwango cha juu kilichoruhusiwa na Kenya wakati huo kilikuwa 20. Ni mara 220 ya kiwango. Masokoni nako hali haikuwa njema. Katika sampuli 350 za mahindi na unga zilizochukuliwa kwenye masoko 65, zaidi ya nusu zilipita kiwango hicho. Kwa hiyo si kweli kwamba aliyenunua alikuwa salama. Hata hivyo uchunguzi uliwaonyesha wachunguzi kwamba balaa lenyewe lilianzia kwenye mahindi yaliyolimwa na kuliwa nyumbani, na kutoka huko ndiko yalikoingia sokoni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sheria zipo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwamba mahindi yasiwe na sumukuvu zaidi ya sehemu 10 katika bilioni moja, na ile aina iliyo kali kuliko zote isizidi 5. Ili mtu apate picha ya kiasi hicho, achukue magunia 1,000 ya kilo mia mia: gramu moja tu ya sumu ikienea sawasawa katika magunia yote hayo, kiwango kimefikiwa. Ni sheria kali, na ni vyema iwe kali. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula nchini Tanzania imo mikononi mwa Shirika la Viwango, baada ya kuhamishwa kutoka ile iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Lakini mkaguzi, hata awe hodari namna gani, husimama kiwandani, ghalani kwa mfanyabiashara na mpakani. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, mataifa yalisikia, mawaziri walikutana, na katika muda wa siku chache zuio likaondolewa kwa masharti. Mahindi yanayovuka mpaka yana wa kuyasemea. Debe la mahindi linalotoka uvunguni mwa kitanda kwenda kinuni au mashineni, na kutoka hapo kwenda chunguni, halipiti mbele ya mkaguzi hata mara moja.

Zaidi ya hayo, soko likianza kuchagua, ubaya hurudi nyumbani. Mfanyabiashara akikataa mahindi yaliyooza, mkulima atachambua: punje nzuri zitapakiwa, na chenga, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitabaki. Zilizobaki hazitupwi. Hupewa kuku, au hupelekwa kwenye pombe, au katika mwaka mbaya husagwa pamoja na nyingine. Kuku hudhoofu na kufa. Ng'ombe akilishwa pumba zenye sumu, sehemu ya sumu hiyo, ikiwa imegeuka umbo, hutoka katika maziwa. Pombe nayo haimsafishii mtu sumu kwa kuchachuka kwake. Kwa njia hiyo kiwango kilichowekwa kumlinda mlaji wa mjini chaweza, kisipoangaliwa, kumrundikia mlaji wa kijijini taka za mlaji wa mjini. Neno hili halipendezi kusikika, lakini hakuna faida ya kulificha.

Vifo vya ghafla ni sehemu ndogo ya madhara. Kwa kila mtu anayekufa kwa kula sumu nyingi kwa siku chache, wako maelfu wanaokula kidogo kidogo kwa miaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vinavyomletea binadamu saratani, na saratani yenyewe ni ya ini. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Murang'a nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 1973, ulikuwa miongoni mwa chunguzi za kwanza duniani kuonyesha kwamba sumu katika chakula na saratani ya ini hufuatana. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumukuvu, hatari yake huzidi ya asiyekuwa navyo kwa takriban mara 30. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002, na mama anayempeleka mwanawe kliniki amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kumkinga na sumu ya ghalani, ingawa pengine hakuna aliyemwambia hivyo.

Watoto wana jambo lao jingine. Utafiti uliofanywa Benin na Togo, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwapima watoto 480 na kukuta sumu hii katika damu ya 99 kati ya kila 100. Wenye sumu nyingi walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Mtoto huanza kuipata kwa wingi anapoachishwa ziwa na kutiwa kwenye uji. Wataalamu bado wanajadiliana ni sehemu gani ya udumavu itokanayo na sumu, na ni sehemu gani itokanayo na umaskini unaofuatana nayo. Mjadala huo ni halali, na uendelee. Lakini mtoto wa miezi saba anayelishwa uji wa mahindi na karanga mara tatu kwa siku hawezi kungojea mpaka uishe, nao uji wa lishe, unaosifiwa kila kliniki, mara nyingi hutengenezwa kwa mazao hayo mawili ambayo kuvu huyapenda kuliko yote.

Pengine itasemwa kwamba haya ni mambo ya mahindi tu. La hasha. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, watu 1,102, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ghafla. Ilionekana kwamba katika ukame mkali walikula muhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kuanikwa kwa muda wa kutosha, na sianidi iliyomo ikabaki. Mwaka 1985, mwaka wa ukame, ugonjwa huo uitwao konzo ulionekana Tarime, na wataalamu wa Tanzania, wakiwamo wa Taasisi ya Chakula na Lishe, waliuchunguza pamoja na wenzao wa nje. Wanawake wa Nampula na wa Tarime walijua namna ya kuondoa sumu ya muhogo kuliko profesa yeyote. Walikuwa wakifanya hivyo tangu enzi za bibi zao. Ila kuloweka na kuanika kwahitaji siku kadhaa, na mtoto mwenye njaa hana siku kadhaa. Njaa ndiyo iliyofupisha kazi.

Mahindi hayatofautiani. Kanuni zake si ngumu, na wingi wake zajulikana vijijini. Mahindi yavunwe yakiwa yamekauka, yasirundikwe ardhini, yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yapukuchuliwe bila kupasuliwa punje, yapepetwe na kuchambuliwa. Kuchambua kuna faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana sumu haikuenea sawa. Hukusanyika katika punje chache zilizoharibika, na mwanamke mwenye macho na ungo aweza kuondoa sehemu yake kubwa. Kukoboa kabla ya kusaga hupunguza pia. Hapo wapenzi wa dona watanung'unika, nao wana haki kwa upande wa lishe, lakini mwaka wa mahindi yaliyonyeshewa si mwaka wa kula dona.

Kupima ukavu si lazima kuwe na mashine. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa hutiwa mahindi kiasi cha theluthi, huongezwa vijiko vichache vya chumvi kavu, hutikiswa, kisha huachwa kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi hayo yarudi juani. Ghala linataka unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu, kwa hiyo hata chupa ikitoka safi, siku moja zaidi ya jua si hasara. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia kuvu na hufisha dumuzi, mradi kilichotiwa ndani ni kikavu. Kwa mashamba, iko dawa ya viumbe hai iitwayo Aflasafe, ambayo humwagwa kabla mahindi hayajachanua, nayo hueneza kuvu isiyo na sumu ili iinyang'anye nafasi ile yenye sumu.

Haya yote huandikwa vizuri katika vipeperushi. Ni shaka kama vipeperushi vinatosha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ile ya Chakula ni Uhai, ziliwakusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi, redio mbele yao, kijitabu mkononi, na kila kikundi kikaondoka na kazi ya kufanya: kuchimba choo, kulima bustani. Nguvu yake ilikuwa hapo, kwamba somo liliisha kwa jembe. Somo la sumukuvu likiisha kwa kupiga makofi, litakuwa limekwisha kweli. Likiisha kwa kila nyumba kumi kuwa na turubai moja la kuazimana wakati wa mavuno, litakuwa limeanza.

Na liko jambo moja ambalo mkulima hawezi kulitimiza peke yake. Sampuli ikichukuliwa kutoka nyumba fulani na kukutwa na sumu, mwenye nyumba huambiwa ateketeze mahindi yake. Huo ni ushauri wa kitaalamu na ni wa kweli. Ila mtu huyo akiuliza atakula nini kesho, jibu lazima liwe tayari kabla ya kiberiti. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya ililazimika kugawa chakula cha msaada Makueni na Kitui ili mahindi yenye sumu yaache kuliwa, na hata hivyo wagonjwa wengine walipatikana katika eneo hilo miaka miwili iliyofuata. Halmashauri ya wilaya inayopanga bajeti ya kupima sumukuvu bila kutenga hata magunia machache ya kubadilishana, imepanga nusu ya kazi. Gunia safi likishushwa mlangoni, gunia lenye sumu litatolewa uvunguni bila ya polisi. Lisiposhushwa, litafichwa, na mwezi unaofuata litasagwa usiku.